Mkono Ulionyamaza

Mwingi,
20 Februari 1994

Wifi yangu Nthenya,

Mwandiko huu huujui, na mwenye kuuandika hujawahi kumwona. Mimi ni Khamisa binti Othman, mke wa kaka yako Musyoka. Barua nimeituma shuleni unakofundisha ili isipitie mikononi mwa mama yenu.

Musyoka anaumwa, wifi. Alianza Novemba, aliporudi kutoka Tseikuru kununua mbuzi. Homa inampanda jioni, na asubuhi inamwacha amelowa jasho. Tumemtibu malaria mara tatu na homa haikusikia dawa. Amekonda hata mkanda wake ameutoboa matundu mapya kwa msumari, lakini tumbo upande wa kushoto limevimba na kuwa gumu, ukiligusa chini ya mbavu unadhani umegusa ubao. Ramadhani hii alitaka kufunga kama sisi wengine, akaanguka sokoni kabla ya adhuhuri. Baba yangu akamkataza.

Unajua watu wanasema nini siku hizi wakiona mtu amekonda hivyo. Mbele yetu hawasemi. Lakini wachinjaji waliozoea kubishana naye bei ya mbuzi wakiwa wameshikana mikono, sasa wanabishana naye wamesimama ng'ambo ya njia. Mwenyewe analiogopa lile jina kuliko kifo, ndiyo sababu amekataa hospitali. Anasema afadhali afe bila kuambiwa.

Amenikataza pia kuandika Kasikeu. Amenisimulia siku alipokuja kuwaambia kwamba amesilimu na ananioa, jinsi alivyomnyoshea mama yenu mkono wa kwaheri na mama akauficha wake ndani ya leso. Hajakanyaga huko tangu siku hiyo. Lakini homa ikimpanda hunitajia wewe. "Mwulize Nthenya," ananiambia, "Nthenya anajua vitu." Basi nakuuliza. Mtoto wetu Mwanamkasi ana miaka mitatu na hajaelewa kwa nini baba yake hambebi tena.

Nisamehe kwa kuja bila hodi.

Wifi yako,
Khamisa


Kasikeu,
1 Machi 1994

Khamisa,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye maabara ya shule, kisha nikakaa nikaisoma tena. Hapa nyumbani tunakuita "yule wa Mwingi", kumbe jina la kweli unalo. Kuanzia leo mimi nakuita Khamisa.

Nijibu jambo moja. Huko Tseikuru anakonunua mbuzi, jioni hukaa wapi? Namjua kaka yangu. Mpe kiti na mpe kichuguu, atachagua kichuguu. Toka utoto alipenda kukaa juu ya vile vilima vya mchwa akitazama mifugo ikirudi, na wanaume wa kule nasikia ndivyo wanavyofanya wote: jua likishuka wanaegemea kichuguu wanapiga gumzo. Sasa, ndani ya matundu ya vichuguu mnaishi usubi, visubi vidogo ambavyo hata kuvisikia huvisikii, na saa yao ya kutoka ni hiyo hiyo ya gumzo. Wakiuma wanaweza kumwachia mtu mdudu wa kala-azar. Marehemu baba alikuwa akituambia jinsi ugonjwa huo ulivyokomba watu upande wa Kitui miaka ya hamsini. Homa isiyoisha, bandama gumu upande wa kushoto, kukonda. Yote umeniandikia wewe.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, si daktari, na naweza kuwa nimekosea. Lakini kala-azar ina dawa, na asiyetibiwa hufa. Mpeleke. Ndani ya bahasha kuna karatasi yake, imekunjwa. Usiisome, nimeiandika kwa hasira.

Mwaitu sijamwambia. Mama yangu huyo akisikia neno Mwingi bado huinuka mezani na kwenda kutazama kuku ambao hawana shida yoyote.

Nthenya


Hospitali, wodi ya wanaume,
28 Machi 1994

Dada Nthenya,

Umeniita punda kwa kalamu nyekundu, kama vile unasahihisha kitabu cha mtoto wa Form One. Nimekubali, nikaja.

Ni hiyo kala-azar yako. Si ile nyingine! Daktari aliponiambia nilimshika mkono nikamshukuru mpaka akaniuliza kama nimemsikia vizuri. Sasa napigwa sindano kila siku, mwezi mzima, na ni sindano kweli, paja linabaki likilalamika mpaka ya kesho inakuja. Lakini homa inaanza kuteremka na juzi nimemaliza sahani ya ugali. Vichuguu nimeviacha. Nikipona nitanunua kiti cha kukunja nitembee nacho kama chifu.

Kuna jambo nataka unifafanulie. Wamekuja watu wa risachi, vijana wa Nairobi na gari lao. Wanadunga kasindano kadogo chini ya ngozi ya mkono, halafu wanarudi baada ya siku mbili tatu kuangalia. Wanapima wagonjwa na wanaowauguza pia, kwa hiyo Khamisa naye amedungwa, na baba yake. Nikauliza kijana mmoja wanapima nini. Akasema wanaangalia kama seli T zetu zinamfahamu mdudu. Nikatikisa kichwa kama mtu ameelewa. Hizi seli T ni akina nani, na zimemjua mdudu wangu wapi kama hata mimi sijamwona?

Mwaitu anaendeleaje? Usimwambie nimeuliza.

Kaka yako,
Musyoka


Kasikeu,
4 Aprili 1994, Jumatatu ya Pasaka

Musyoka punda wangu,

Umeuliza swali ambalo nimekuwa nikilisubiri kwa mtu yeyote, hata mkaguzi wa shule. Mwangangi, yule tuliyesoma naye chuoni, yuko ng'ambo sasa, na hunitumia nakala za majarida ya sayansi. Nazisoma jioni na kuna siku nasahau chungu jikoni. Mwaitu anadhani ni barua za mapenzi.

Sikiliza basi. Seli T ni seli nyeupe za damu. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, na zikiwa bado changa husafiri mpaka kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Inaitwa thaimasi, ndiyo hiyo T. Mpaka miaka ya sitini wataalamu walidhani haina kazi. Yaani mimi na wewe tulikuwa tumeshazaliwa, tezi inatufanyia kazi usiku na mchana, na hapakuwa na binadamu hata mmoja aliyejua.

Humo ndani kila seli hujitengenezea kiungo chake cha kupapasia, na hukitengeneza kwa kubahatisha. Haijui itakutana na nini duniani. Moja inatoka na umbo hili, nyingine lile, mamilioni kwa mamilioni. Kwa hiyo ulipokuwa mtoto hapa Kasikeu, hujawahi hata kusikia jina la Tseikuru, kifuani mwako tayari palikuwa na seli chache zinazoweza kumtambua mdudu wa Tseikuru. Palikuwa na nyingine za kutambua wadudu wa nchi ambazo hutafika kamwe. Nikifikiria hilo huwa naacha kusoma nikatazama ukuta.

Kisha zinapimwa. Unakumbuka baba alivyochagua mbwa wa kulinda mbuzi? Mtoto wa mbwa asiyeinua hata pua akipita mtu alimtoa. Anayeuma watu wa nyumbani pia alimtoa. Alibaki na yule anayejua harufu ya boma na asiyeligusa. Thaimasi hufanya hivyo hivyo, na ni kali kuliko baba. Katika seli mia zinazoingia, labda mbili tatu ndizo hutoka hai.

Na kazi hiyo kubwa hufanyika utotoni. Mtu akibalehe tezi huanza kunyauka. Mwambie Khamisa aweke kiganja kifuani mwa Mwanamkasi, palepale katikati. Tezi iko kazini wakati huu, chini ya mkono wake, na mtoto anacheza tu.

Maliza sindano zote.

Nthenya


Mwingi,
6 Aprili 1994

Wifi yangu,

Nina habari mbili, moja njema na moja ya kwangu.

Wale vijana wa kupima walirudi siku ya tatu kama walivyoahidi. Wanachukua kalamu ya wino na kuitembeza polepole juu ya ngozi, kuelekea pale walipodunga. Penye uvimbe kalamu inagota ukingoni na kusimama. Hapo wanaweka rula, wanaandika namba, wanakwenda kwa mwingine. Kwa Musyoka kalamu ilipita moja kwa moja, haikusimama popote, kama inavyopita kwenye karatasi. Nikamwuliza kijana ameona nini. Akasema, "Hapa hakuna kitu." Wagonjwa wengine wa wodi ile pia hawakuwa na kitu, lakini wale wako katikati ya sindano, tukajua dawa imekwisha kuwasafisha.

Kwangu kalamu ilisimama. Nina uvimbe mwekundu mkononi, mpana kuliko shilingi, na unawasha. Wa baba yangu ni mkubwa zaidi. Kijana alisema, "Vizuri," akaandika, akapita. Nilidhani anasema vizuri kwa sababu amepata alichokuja kukitafuta. Sikumwuliza zaidi. Niliteremsha mkono wa gauni.

Musyoka alikaa kitandani akinitazama. Kisha akasema yeye amekwisha kupona na ugonjwa umehamia kwangu, na kwamba mwanamume hawezi kulalia kitanda cha hospitali akidungwa dawa isiyo na kazi huku mke wake anaumwa. Sista wa wodi alimgombeza mpaka sauti ikamkauka. Aliweka sahihi akaondoka, sindano hazijafika hata nusu. Tulisoma dua, baba akachinja mbuzi. Siku ya pili Musyoka alipanda lori kwenda Tseikuru akusanye mbuzi wa Idi Kubwa, ili niwe na cha kulipia hospitali zamu yangu ikifika.

Mimi homa sijaisikia bado. Kila jioni naketi naisubiri. Kama itanishinda, nakuomba umchukue Mwanamkasi. Sitaki alelewe na mtu ambaye hatamsimulia habari zangu, na wewe najua utamsimulia, hata kwa barua zangu hizi.

Khamisa


Kasikeu,
13 Aprili 1994

Khamisa,

Barua hii nampa dereva wa lori la machungwa aifikishe mkononi mwako, posta siiamini leo.

Wewe huumwi. Mumeo ndiye anayeumwa. Mmeisoma mikono kinyume, na si ajabu, hata mimi ningeisoma hivyo kama nisingekuwa na karatasi za Mwangangi. Mtu yeyote akiona uvimbe anajua hapo pana ubaya.

Walichowadunga si dawa, ni mabaki ya wadudu waliokufa, kidogo tu. Kama mwilini mna seli T zilizowahi kupigana na mdudu huyo zikamshinda, husikia harufu yake na kukimbilia pale kutoka kila upande. Zinachukua siku mbili tatu kufika. Uvimbe ulio mkononi mwako ni mkusanyiko wao. Ndiyo sababu kijana alisema vizuri.

Fikiria ulipokulia, Khamisa. Siku moja usubi alikuuma, labda ungali msichana. Mdudu akaingia. Seli zako chache zilizokuwa zikimsubiri toka ukiwa mtoto mchanga zikamtambua, zikazaana, zikamshinda, na wewe huna habari, ulikuwa unakanda unga wa mandazi. Baba yako vivyo hivyo. Nyinyi wawili mmebeba ushindi mkononi na mnaufunika kwa aibu.

Mkono wa Musyoka umenyamaza kwa sababu seli zake zimechoka. Mdudu yumo. Amejaa kwenye bandama, na sindano chache zimemrudisha nyuma tu. Akiachwa atarudi kwa nguvu, na dawa nayo huenda isimsikie kama mwanzo.

Mtafute. Tuma neno kwa kila lori linalokwenda kaskazini. Mwambie mke wake ni mzima kuliko sisi sote na dada yake amesema arudi leo.

Nthenya


Mwingi,
19 Mei 1994

Wifi,

Nilisoma barua yako pale pale barabarani, dereva bado amekaa kwenye usukani. Nikaufunua mkono wa gauni nikautazama mkono wangu. Uvimbe ulikuwa umekwisha shuka, limebaki doa. Nililibusu, wifi, mbele ya dereva na watu wa petroli. Halafu nikakumbuka Musyoka yuko wapi.

Nilituma neno kwa madereva wa malori saba. Wengine walisema wamemwona Kyuso, wengine wakasema ameshavuka mto Tana. Kumbe alikuwa kwa mfugaji mmoja, mzee Kivuva, amelazwa kivulini, mbuzi wake wamechanganyika na wa wenyeji. Walimleta juu ya magunia. Nilipompokea nilimnyanyua peke yangu, na mimi si mwanamke mwenye nguvu.

Yuko wodini. Sista hakumgombeza tena, na hilo ndilo lililonitisha. Daktari anasema sasa dawa itakuwa ya muda mrefu zaidi na hana hakika. Amempima damu, imepungua sana. Hawezi kusoma, kwa hiyo nilimsomea barua yako ya Pasaka, iliyofika akiwa amekwisha kuondoka. Nilipofika kwenye mbwa wa baba yenu alicheka, kisha akalala.

Nimeweka kiganja kifuani mwa Mwanamkasi kama ulivyosema. Nasikia moyo tu. Lakini sasa simwogeshi upesi kama zamani. Nikifika hapo natulia.

Umesema seli zake zimechoka. Nataka kujua: zikichoka, zinapumzika na kuamka, au ndiyo basi? Usinipoze.

Khamisa


Kasikeu,
5 Juni 1994

Khamisa mpendwa,

Umesema nisikupoze. Nilikuwa nimemwandikia Mwangangi tangu Aprili, na ameniletea jarida lenyewe. Nakuambia ninachokijua na nisichokijua.

Wataalamu waliwapa panya maambukizi makubwa yasiyoisha. Mwanzoni seli T ziliinuka zote, zikazaana, zikapigana. Lakini adui hakuisha. Kesho yupo, kesho kutwa yupo, kila kona yupo. Ni kama mbwa anayebwekea fisi kila usiku wa mwaka. Mwishowe sauti inakauka. Zile seli zilinyamaza, na baada ya hapo nyingi zikatoweka kabisa. Hilo ndilo baya, nimeliandika ili nisije nikaliacha.

Lakini wengine wanafikiri kuchoka huko ni rehema. Mdudu wa kala-azar hujificha ndani ya seli zetu wenyewe. Seli T zikiendelea kupigana kwa ukali ule ule miezi na miezi, zitabomoa bandama na ini ili kumpata. Mwili unachagua kuishi na adui kuliko kuichoma nyumba. Mimi nimefundisha bayolojia miaka kumi na mbili na sikujua kwamba kuna hekima hata katika kushindwa.

Na hili ndilo jema. Kwa wagonjwa wa kala-azar, hapa hapa Kenya, wameonekana watu ambao mikono yao ilinyamaza wakati wa ugonjwa, na miezi mingi baada ya dawa kumwondoa mdudu, mikono ikajibu. Si wote. Na hakuna anayejua kama ni zile zile zilizoamka, au ni ndugu zao waliokuwa wamejificha mahali. Dawa haiziamshi. Dawa inamtoa adui tu, zenyewe zinaamka kama zitaamka. Basi kazi ya Musyoka ni moja, kudungwa mpaka ya mwisho. Nyingine haiko mikononi mwetu.

Nimemwambia Mwaitu. Nilimkuta anachambua pojo, nikaketi, nikamwambia yote kuanzia barua yako ya kwanza. Aliposikia Mwingi hakuinuka. Nikamweleza habari za tezi ya kifua, kwamba seli zinazompigania Musyoka zilichaguliwa alipokuwa mtoto mchanga, na kwamba wakati huo kifua chake kilikuwa kimelala juu ya mgongo wa mama yake, akilima. Aliacha pojo. Akaniuliza, "Mgongoni mwangu?" Nikamwambia ndiyo, mgongoni mwako, siku zote hizo.

Alikwenda shambani na jembe, na msimu wa kulima haujafika.

Nthenya


Kasikeu,
11 Januari 1995

Khamisa,

Nimefurahi watu wa kupima wanarudi mwezi huu. Ameongezeka uzito, hana homa, bandama limerudi ndani ya mbavu. Hayo yote ni makubwa, na hata mkono ukinyamaza tena asidhani ndiyo mwisho. Nakuambia hivyo wewe, na najiambia na mimi.

Unajua Mwaitu amekuwa akikutumia asali na pojo tangu Julai bila neno lolote ndani ya mfuko. Jana nilimsomea barua yako. Akauliza tarehe. Leo asubuhi nimemkuta amevaa viatu vya kanisani, amefunga kikapu. Nilimwambia nikiomba ruhusa shuleni tutakwenda pamoja Ijumaa. Amesema hawezi kumsubiri mwalimu mkuu, mtoto wake anapimwa.

Nimempandisha basi. Kiswahili chake ni kidogo na Kikamba chako unasema ni cha sokoni, mtasikilizana. Usimwulize kitu. Mpe chai yenye maziwa mengi.

Nthenya


Mwingi,
18 Januari 1995

Wifi yangu mpenzi,

Nilimpa chai. Aliinywa yote akitazama ukuta, kisha akamwita Mwanamkasi, akambeba mgongoni, miaka minne yule, miguu inaning'inia. Akazunguka naye uani mpaka mtoto akasinzia. Mimi nilikuwa jikoni na sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikapiga chapati ambazo hakuna aliyeniomba.

Musyoka alirudi kutoka sokoni akawakuta hivyo. Alimwamkia mama yake kwa adabu, amesimama mlangoni. Mama akaitika. Hawakupeana mkono. Siku sita walikaa nyumba moja wakizungumza habari za mvua.

Juzi Musyoka alidungwa tena, na leo ndiyo tumekwenda kusomwa. Kijana alikuwa yule yule. Mama aliketi kwenye benchi mbele kabisa. Nilikuwa nimekula kiapo nisitazame, nikatazama. Kijana aliweka kalamu karibu na kiwiko cha Musyoka, akaitembeza taratibu. Ilikwenda, ikaenda, wifi, mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea kwamba itapita. Ikasimama.

Akachora kutoka upande wa pili. Ikasimama tena. Akaweka rula, akaandika, akasema, "Vizuri." Safari hii nilimwuliza. Akaniambia zimerudi. Nikamwambia aseme mara ya pili, akasema. Mama hakungoja kutafsiriwa. Aliomba kalamu. Kijana alishangaa lakini akampa, na mama yenu, anayetia alama za mafungu ya Biblia kwa kalamu ya risasi tu kwa kuogopa kuharibu, alichora mstari wa wino kwenye mkono wa mwanawe mpaka kalamu ikagota. Akaiacha palepale, hakuivuta.

Nimeweka mkono wangu kando ya ule wa mume wangu. Wangu sasa ni doa la zamani, wake ni mwekundu. Nilisema Alhamdulillahi, mama yenu akasema Amina, na kijana akatuomba tusogee kwa sababu kuna foleni.

Musyoka anataka kalamu, aongeze maneno yake.

Khamisa

Dada, ni mimi. Naandika kwa mkono wa kushoto, uvumilie mwandiko. Kile kitu kinawasha, kinawasha vibaya, hujawahi kuona mtu anafurahia mwasho namna hii. Zile za utotoni ziko, dada. Nilikuwa nimetaka kujikuna, Mwaitu akasema nitajitia kidonda, akaushika mkono wangu wa kulia. Hiyo ilikuwa adhuhuri. Sasa jua linazama na hajauachia.

Musyoka